Mashati Mekundu Mbele ya Mabati

Kabla sijawa mpiga picha nilikuwa mtu wa kung'olewa meno. Nasema meno mawili, yote siku moja, yote na fundi wa reli.

Nilikuwa nimefika juzijuzi kutoka kusini, Lindi ya ndani huko, nikafikia kwa mjomba wangu Gerezani, katika chumba ambacho tulilala watu watano na baiskeli. Baiskeli ndiyo iliyolala vizuri kuliko sisi, maana yenyewe ilipata ukuta wa kuegemea. Jino la nyuma likaanza kuniuma, likauma hata treni ikipita naisikia ndani ya shavu. Mjomba akasema hospitali kuna foleni, twende kwa fundi mmoja wa karakana, ana koleo safi. Na kweli lilikuwa safi, alilifuta kwenye suruali yake mbele ya macho yangu.

"Lipi?" akauliza.

Mtu umeachama mdomo, utasemaje? Nikaelekeza kwa kidole. Akashika, akavuta, likatoka. Nikapeleka ulimi kulipapasa pengo, nikakuta jirani yake, lile bovu, bado limekaa palepale linaendelea na kazi.

"Fundi, umeng'oa zima!"

"Ndilo uliloonyesha."

"Nilionyesha upande!"

Lakini alikuwa muungwana yule bwana. Hakubishana. Akasema la pili hatanidai, akaling'oa na lile bovu, akanifungia yote mawili katika kipande cha gazeti kama karanga za kununua.

Shavu likavimba, ukiniona utadhani nimeficha embe la wizi. Wiki nzima sikuweza kutamka neno. Nikawa nakaa kibarazani mwa watu, upande wa kuingilia Kariakoo, nimenyamaza. Hapo mbele palikuwa na studio ya picha, na mwenye studio alikuwa ametoka kumfukuza msaidizi wake kwa kosa la kupiga domo na wateja mpaka karatasi zinaungua kwenye dawa za kusafishia picha. Akaniona nimetulia. Akaniuliza nataka kazi? Nikaitikia kwa kichwa. Akataja mshahara mdogo wa kusikitisha. Nikaitikia kwa kichwa. Akafurahi sana, akasema vijana wa kusini wana adabu. Shavu liliposhuka ndipo akagundua kwamba amejiokotea kasuku, lakini wakati huo mimi nimeshazijua dawa zote na yeye ameshazoea kuchelewa kuamka.

Ndivyo nilivyoingia kwenye picha. Shule nilikwenda mpaka darasa la tatu, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza kwa sababu mwalimu alihama na akaondoka na ubao. Kwa hiyo nilichojua nilikijua kwa mikono na kwa pua. Dawa ikichoka nainusa tu.

Zamani hizo picha hazikuwa na rangi. Ulikuja na shati la kijani, ulitoka kijivu. Ulikuja na gauni la harusi la waridi ulilolikopa kwa shangazi, ulitoka kijivu vilevile. Watu walikuwa hawagombani na kamera. Nimepiga timu zote mbili za pale mtaani kwetu, sizitaji, anayeijua Kariakoo anazijua, wale wa nyekundu na wale wa kijani na njano, na katika picha zangu wote walikuwa timu moja ya kijivu. Hakuna aliyewahi kunirudishia picha akisema, "Mzee, hiki siyo kijivu changu."

Filamu zenyewe zilikuwa za kuwinda. Dukani unakuta rafu tupu, na muuzaji amekaa nyuma yake kama analinda nafasi. Halafu ikaja ruksa, serikali ikaruhusu bidhaa za nje. Vitu vikafunguliwa, na Kariakoo ikajaa mpaka njia za miguu zikapotea: redio, mitumba, masufuria, sabuni za kunukia za kila aina. Siku ya kwanza nilinunua sabuni tatu za rangi tatu, moja ya kijani, moja ya njano, moja ya waridi. Mke wangu akaziangalia, akaniuliza, "Tunaoga au tunapamba?" Nilikuwa nimezinunua kwa sababu zipo.

Filamu za rangi nazo zikaja kwa wingi, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana mtu akishaona rangi anadai rangi. Baadaye, mwenye studio ameshatangulia mbele ya haki na mimi nimebaki na kachumba kake, zikaanza kuingia kamera za dijitali. Hazina filamu. Picha inaingia kwenye kikadi kama kipande cha biskuti. Vijana wakaanza kutucheka sisi wa filamu, wanatuita makumbusho. Nikauza friji, nikanunua kamera. Mke wangu kwa miezi kadhaa akawa ananiletea maji ya moto na kusema, "Karibu maji baridi."

Kamera ilikuwa imeshatumika Ulaya. Muuzaji aliniambia hiyo ndiyo sifa yake, na mimi nikaona kweli ni sifa. Sikufikiria kwamba kitu kilichotumika kinakuja na mambo ya mwenyewe ndani. Ndani yake mlikuwa na orodha ya maandishi madogo kama mayai ya chawa, na hayo maandishi hayakuwa ya Kiswahili, na hata yangekuwa ya Kiswahili mimi na kusoma tulishaachana na yule mwalimu wa ubao. Nilijua kitufe cha kupigia na kitufe cha kuangalia. Vingine vyote niliviheshimu.

Sasa tuje kwa Mwenyekiti.

Kila timu ina matawi yake, na tawi ni benchi moja, ubao mmoja wa matangazo, na watu thelathini wenye hasira. Tawi la nyekundu la mtaani kwetu lilikuwa na Mwenyekiti aliyeuza spea za magari Gerezani, mtu mnene kidogo, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi hata akikupa chenji. Lakini kwenye nyekundu alikuwa hana mchezo. Ndizi mbivu haikuingia nyumbani kwake. Mchicha alikula, ila alieleza kwanza kwamba mchicha unaongeza damu, na damu ni rangi gani? Mkewe alitoka katika familia ya wale wa kijani na njano, na kwa hilo Mwenyekiti aliteseka miaka yote, maana sikukuu ikifika lazima aende kukaa sebuleni kwa wakwe akiangaliana na kalenda yao ya kijani na njano.

Duka la spea lilikuwa la kulisha watoto. Kile kiti cha uenyekiti ndicho kilichomlisha yeye. Mtu ambaye dukani anaitwa "we bwana wa boliti," akifika pale kwenye benchi watu wananyanyuka. "Mwenyekiti, karibu. Mwenyekiti, unasemaje kuhusu golikipa?" Nimemwona akijibu swali la golikipa macho yamemlegea kama mtu anayekunwa mgongo.

Na kiti hicho kilikuwa kinataka kumponyoka. Uchaguzi wa tawi ulikuwa Jumapili. Makamu wake, muuza nazi wa kule shimoni, chini ya soko, alikuwa anakitaka, na yule alikuwa na mdomo. Muuza nazi anajua kugonga kitu akasikiliza kama kimeoza. Alikuwa anapita kwa wanachama anawaambia polepole, "Mimi simsemi mtu. Lakini mjiulize. Mke wa kule. Shemeji wa kule. Siku ile tuliyofungwa, Mwenyekiti alikula. Mimi sikula. Yeye alikula." Neno alilokuwa analizunguka lilikuwa pandikizi, yaani mtu aliyetiwa na wapinzani akae ndani ya timu ya watu. Kwa mtaa wetu ni afadhali uitwe mwizi wa kuku.

Mwenyekiti akaja kwangu Jumatano.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka picha. Nimewashonea wanachama wote mashati mapya, mekundu, kwa mfuko wangu. Nataka tupige wote, mimi katikati nimekaa. Kubwa, kama mlango. Tunaitundika tawini Jumamosi, kila mtu aione, Jumapili wapige kura. Mtu akiiona picha ile aseme, huyu ndiye aliyetuvika."

"Nyekundu itatoka?" nikamuuliza, maana nilishaanza kuijua tabia ya rangi.

Akanitazama kama nimemtukania mama. "Kaka, ikitoka hiyo nyekundu, mimi nimepona. Isipotoka, nimekwisha."

Kesho yake tukapigia uani kwake Gerezani, nyuma ya duka, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi ya watu thelathini kusimama. Nyuma yao palikuwa na ua wa mabati. Na hapa nakuambia mapema ili usije ukanilaumu mwishoni kwamba nimekuficha: mabati yale yalitoka kwenye kibanda cha zamani cha shemeji yake. Shemeji alipovunja kibanda alimpa, na Mwenyekiti kwa kuwa bati ni bati akayapokea. Enzi zake yalikuwa yamepakwa mistari, kijani, njano, kijani, njano. Lakini yalikuwa yameshakaa pale miaka, jua limeyapiga, moshi wa kuchomelea umeyala, vumbi la Gerezani limemalizia. Kwa macho yalikuwa rangi ya vumbi tu. Ungeapa. Mimi nimeapa.

Wanachama wakajipanga. Warefu nyuma, wafupi mbele, muuza nazi akajipenyeza karibu na kiti.

"Mzee, tucheke au tunune?" mmoja akauliza.

"Nuneni," akasema muuza nazi. "Sisi siyo bendi ya taarabu."

"Nani kakwambia bendi ya taarabu wanacheka?" akajibu mwingine. "Wale wananuna kuliko wewe na nazi zako."

Nikapiga. Nikaangalia kwenye kioo cha nyuma cha kamera: mashati mekundu, safi, kama pilipili zimeanikwa. Mwenyekiti akachungulia, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Mimi sina mashine ya kusafishia picha. Nilikuwa napeleka kwa mama mmoja wa Kihindu, upande wa Uhindini, mjane, aliyeachiwa duka na mumewe na akaliendesha vizuri kuliko mumewe. Miwani yake ilining'inia kwenye mnyororo, na alikuwa hakuongopei hata kwa kukupendeza. Nikampa kikadi, akanitolea kwanza picha moja ndogo ya kujaribia. Nikaipeleka tawini bila kuiangalia sana, ndivyo nilivyokuwa na imani.

Ilikuwa imepauka. Mashati yalikuwa rangi ya tofali. Nyuso zote zilikuwa kama za watu waliotoka wodini asubuhi ileile na wamesahau dawa kitandani. Mwenyekiti katikati amekaa kama chungu kilichoanikwa.

Muuza nazi akaipokea kwa vidole viwili. "Hongereni," akasema. "Hii ni timu ya tanuri?"

Watu wakaangua kicheko.

"Mimi nauliza tu. Naona matofali thelathini na mwashi mmoja amekaa."

"Picha imekosea!" akasema Mwenyekiti.

"Picha haikosei, Mwenyekiti. Picha inaona ndani."

Nikamwona Mwenyekiti jasho limemtoka juu ya mdomo. Akalivua lile shati pale pale, akabaki na singlendi, akalitia kwenye hanga, akaniambia, "Twende." Tukavuka Kariakoo nzima saa sita mchana, yeye mbele amenyanyua shati jekundu juu kama mtu anayeongoza maandamano ya peke yake, mimi nyuma nimeshika kamera. Wauza mashati wa njiani wakawa wanatuuliza bei.

Yule mama akaweka shati juu ya meza, akaweka picha juu ya shati, akavaa miwani. Akaomba kamera. Akaingia kwenye yale mayai ya chawa, akabonyeza mara nne tano, akasimama.

"Hii kamera ulinunua mpya, mzee?"

"Imetumika Ulaya."

"Basi huyo wa Ulaya ameacha kipimo chake humu. Kamera hii ina vipimo viwili vya rangi. Kipo cha kawaida, ambacho mashine yangu inakijua. Na kipo kipana zaidi, cha watu wanaofanya kazi ya vitabu na nini. Yeye ameiweka kwenye kipana."

"Kipana si ndiyo kizuri?" akasema Mwenyekiti. "Si rangi inakuwa nyingi?"

Mama akavua miwani. "Sikiliza, baba. Unajua pishi na kibaba?"

"Najua. Pishi moja ni vibaba vinne."

"Kamera haiweki rangi kwenye kadi, inaandika namba. Mimi nikikuandikia kwenye karatasi 'tatu,' mchele, tatu. Moyoni mwangu nina maana ya pishi tatu. Wewe nyumbani kwako mnapima kwa kibaba, ukasoma 'tatu,' ukapima vibaba vitatu. Wageni watashiba?"

"Hawashibi."

"Nani amekosea? Wewe umesoma sawa, mimi nimeandika sawa. Hakuna aliyesema kipimo. Ndiyo nyekundu yako hiyo. Kamera imeandika kwa pishi, mashine yangu imesoma kwa kibaba."

Nilikuwa nimefanya kazi ya picha miaka mingi kuliko meno niliyobakiwa nayo, na ndiyo kwanza mtu ananieleza jambo la kompyuta nikalielewa mpaka tumboni. Nikamuuliza, "Inageuzika?"

"Inageuzika. Unabadilisha zile namba zenyewe, pishi uziandike kwa vibaba. Nitaifanya mwenyewe. Njooni Jumatatu."

"Jumatatu!" Mwenyekiti akakaa kwenye kiti cha wateja cha kupigia picha za pasipoti. "Mama, Jumamosi ndiyo naitundika."

"Nina harusi tatu mbele yenu."

"Harusi si zinaweza kusubiri?"

"Mwambie bibi harusi wewe, namba yake hii hapa."

Hakuichukua. Mama akamhurumia, nilimwona, akasema atajaribu. Lakini akaninyooshea kidole mimi. "Msimpe mtu yeyote akawaongezee rangi tu. Kuongeza rangi siyo kugeuza kipimo. Ukiongeza, unaongeza zote, hata zile usizozitaka."

Maneno hayo niliyasikia. Nasema kweli, niliyasikia kwa masikio haya. Tulipofika kona Mwenyekiti akaniuliza, "Unamjua mtu anayeongeza rangi?" Nikasema, "Namjua."

Alikuwa ghorofani, Kariakoo hapo hapo, juu ya duka la mapazia. Alikuwa anatengeneza makava ya kanda na kadi za harusi, na alikuwa na mashine ya kuchapia mabango. Mtu mzima, ana watoto, lakini amevaa kofia nyuma mbele.

"Shikamooni wazee. Mambo ya picha? Hii nawanyooshea dakika mbili."

Nikaanza kumweleza pishi na kibaba. Akasema, "Mzee wangu, hayo ni ya vitabuni. Rangi yote iko hapa." Akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta kijiti kimoja cha kusukuma. Akikisukuma kulia rangi inapanda, kushoto inashuka. Mwenyekiti akavuta stuli mpaka magoti yakagusa meza.

"Kuza hapa. Kifuani kwangu."

Yule bwana akakuza. Kioo chote kikawa kifua cha Mwenyekiti, vifungo viwili na mfuko. Akasukuma kijiti. Tofali likawa jekundu.

"Ongeza."

Akaongeza.

"Ongeza."

"Imetosha, mzee. Sasa inaungua."

"Si kifua chako. Ongeza."

Akaongeza mpaka kifua kile kikawa kama taa ya nyuma ya lori. Mwenyekiti akatoa shati kwenye hanga akaliweka kando ya kioo. Shati la kweli sasa ndilo lililoonekana limepauka. Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka wiki hiyo. "Hapo," akasema. "Hapo muuza nazi amekwisha. Chapa."

Mashine ya mabango inatoa picha polepole, inaitema kidogokidogo kama mtoto asiyetaka uji, na kila kipande kinachotoka kinajikunja chini. Mwenyekiti alisimama pale katikati, akingojea kifua chake. Mimi nilikuwa pembeni. Na mimi niliona. Nikisimulia haya sina sababu ya kujipendelea. Ukingoni niliona mstari wa kijani, kijani cha majani ya mgomba baada ya mvua, halafu ukajikunja. Halafu kitu cha njano. Nikajiambia ni taa. Nikajiambia, bango likikauka litatulia. Mwenyekiti alikuwa ameinama anakitazama kifua chake, anatabasamu, na mimi, kasuku, niliyefukuzwa hata kwenye matanga kwa kusema, nilifunga mdomo. Tukalikunja, tukalifunga kwa gazeti, yeye akalibeba begani mpaka nyumbani.

Jumamosi saa tisa alasiri tawi lilijaa. Bango limegongwa misumari ukutani, limefunikwa kitambaa chekundu. Wanachama thelathini katika mashati yao mapya. Upande wa pili wa barabara wamekaa wenzetu wa kijani na njano kwenye benchi lao wanatuangalia, kama kawaida yao sisi tukiwa na shughuli. Mwenyekiti akatoa hotuba fupi. Alisema mtu anaweza kusemwa sana, lakini rangi haisemi uongo. Akavuta kitambaa.

Wote tukasogea mbele.

Mashati yalikuwa mekundu, hilo halina ubishi. Yalikuwa mekundu hata yakaumiza. Nyuso zilikuwa nyekundu pia, kila mtu kama amepakwa rojo la nyanya, na muuza nazi masikio yake yalikuwa kama makaa. Lakini hakuna aliyetazama masikio. Nyuma yao, kutoka ukingo mpaka ukingo, juu ya vichwa vyote, mabati yalikuwa yamefufuka. Kijani, njano, kijani, njano, yanang'aa, mapya, kama yamepakwa asubuhi. Tawi zima la nyekundu lilikuwa limesimama mbele ya bendera ya wapinzani wake, na Mwenyekiti katikati ameikalia kama mwenyewe.

Muuza nazi hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Akasogea, akaweka mikono nyuma. "Mwenyekiti, hongera. Nyekundu imetoka." Akainua kidevu kuelekea mabati. "Na hawa waliosimama nyuma yetu nao wametoka."

Ng'ambo ya barabara wakaanza kupiga makofi. Mmoja wao akavuka kabisa, mzee wa heshima, akalitazama bango kwa karibu, akasema, "Jamani, kazi nzuri. Tunaomba nakala moja na sisi."

"Mabati ya nani yale?" mwanachama mmoja akauliza.

"Yangu," akasema Mwenyekiti.

"Uliyapaka lini?"

"Sijayapaka. Ni ya shemeji."

"Shemeji wa rangi gani?"

Mimi nikaruka katikati. Nikasema jamani, ni kosa la kipimo, kuna pishi na kuna kibaba, kamera iliandika kwa pishi, mashine ikasoma kwa kibaba, halafu tukaongeza wakati tulitakiwa kugeuza. Nikaona macho thelathini yananitazama, yaani sitini. Mtu mmoja akauliza, "Kwa hiyo mchele umeingiaje hapa?"

Muuza nazi akanyanyua mkono kuwatuliza. "Mzee, wewe ni mtu wa picha, tuambie kitu kimoja tu. Mabati hayo, kamera imesema kweli au imesema uongo?"

Ningesema ni uongo, na mashati nayo yangekuwa uongo. Ningesema ni kweli, nimemmaliza mtu. "Imesema kweli," nikasema, "ila kwa sauti kubwa mno."

Ndiyo ikawa. Kicheko kilichotoka pale kilisikika mpaka sokoni. Watu wakashikana mabega. Hata wale waliompenda Mwenyekiti, na walikuwa wengi, walicheka, hawakuweza kujizuia, mtu analia machozi anasema, "Pole Mwenyekiti," kisha anaanza upya.

Yeye hakukasirika. Alisimama mbele ya bango, kichwa ameinamisha upande, analitazama kama mtu anayetazama nguo dirishani. Nilisogea karibu naye nimwombe radhi kwa lile nililoliona kwa yule bwana wa ghorofani nikanyamaza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Kumbe nilikaa vizuri," akasema, si kwangu wala kwa mtu. "Mgongo umenyooka."

Akachukua kofia yake kwenye benchi, akaipangusa. Muuza nazi akamuuliza, kwa adabu sasa, "Mwenyekiti, unaenda wapi? Kikao bado."

"Nakuja," akasema.

Kwetu mtu akisema nakuja anaweza kuwa anakwenda chooni au anakwenda Mwanza, kwa hiyo hakuna aliyemfuata. Akavuka barabara, akapita mbele ya benchi la wale wengine, wao wakamsogezea miguu apite. Alitembea polepole, hakugeuka. Shati lake lilionekana kwa mbali katikati ya mikokoteni na wabeba mizigo, jekundu la kawaida, lile la kweli. Tulimwachia kiti chake wazi mpaka jua likashuka, muuza nazi mwenyewe hakuthubutu kukikalia. Mwenyekiti hakurudi. Jumapili, siku ya kura, hakuja, wala Jumapili nyingine, wala pale kwenye tawi hakukanyaga tena.